Shajara ya mradi: waya ghali wa stima na sauti ya ukumbi wa mazoezi, Mji wa Kale, Mombasa

Swali na vifaa

Ukumbi uko ghorofani katika nyumba ya matumbawe, Mji wa Kale. Kikundi cha taarab hufanyia mazoezi humo na kuhifadhi mitambo yake ya harusi. Swali lililowekwa mezani ni moja: je, nyaya nene za stima, zile zenye koti la kusukwa na pini za kupakwa dhahabu, zitaisafisha sauti? Fungu la pesa ni hilo hilo moja. Likienda kwenye nyaya, haliendi kwenye soketi, wala ethi (njia ya usalama ya kwenda ardhini), wala nyaya za maiki. Kwa hiyo tunapima kwanza, kununua baadaye.

Mitambo yenyewe ni amplifaya ya daraja AB, wati 300 kila upande, yenye transfoma ya duara, spika mbili za omu 8, miksa ya chaneli 12, kinanda, amplifaya ndogo ya gita la besi, na laptopu ya kucheza midundo pale mpigaji dumbak anapokosekana. Amplifaya na miksa hupokea stima kwa tundu la C14, lile linaloingia kichwa cha C13 cha waya wa kompyuta. Kiwango cha kichwa hicho ni ampea 10, hata waya nyuma yake uwe mnene namna gani.

Nyaya za majaribio ni nne, zote za mita 1.5, na zimefungwa utepe wa rangi:

A: uliokuja na amplifaya, shaba ya 0.75 (milimita za mraba).
B: wa dukani, bei ya kutupa, nao umechapwa 0.75.
C: tuliotengeneza wenyewe kwa waya laini wa nyuzi tatu wa 1.5.
D: wa fahari, wa kuazima, shaba ya 2.5 yenye wavu wa kinga ndani, mnene kama mpira wa kumwagilia bustani.

C hatukuufanya wa 2.5 kwa makusudi. Vichwa vingi vya C13 vya kufungwa kwa skrubu havipokei waya wa unene huo. Fundi hulazimika kupunguza nyuzi chache ili uingie, na akishapunguza, faida aliyoitafuta ameitupa kwenye taka.

Kupima nyaya kabla ya kusikiliza chochote

Multimita ya kawaida haiifai kazi hii. Nyaya zake za kupimia pekee zina omu 0.2 hivi, zaidi ya kile kinachopimwa. Njia tuliyotumia: waya uko nje ya soketi kabisa, tunapitisha ampea 2 za umeme mnyoofu kutoka kwenye pawa saplai ya mezani, kisha tunasoma milivolti kati ya pini ya plagi na tundu la C13. Gawanya kwa mbili, unapata miliomu. Tumepima upande wa nyutro tu ili fyuzi iliyo upande wa laivu isichanganye hesabu.

Kipimo cha kulinganishia ni kiwango cha IEC 60228 kwa nyaya laini za shaba katika nyuzijoto 20: miliomu 26 kwa mita kwa waya wa 0.75, 13.3 kwa 1.5, na 7.98 kwa 2.5. Mombasa chumba hakikai nyuzijoto 20. Kwenye 30 ongeza asilimia 4 hivi, kwa kuwa ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Waya A ulisoma milivolti 80, C 41, D 25. Zote ziko pale hesabu ilipotaka ziwe. Waya B ulisoma 170, zaidi ya mara mbili ya A.

B ukapasuliwa. Nyuzi zake zina rangi ya shaba kwa nje, lakini ukizikwaruza kwa ncha ya kisu unatokea weupe, na sumaku haizishiki. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na tena ni nyembamba kuliko ilivyochapwa. Baya zaidi ni kwamba ndani mna nyaya mbili tu, laivu na nyutro. Pini ya ethi ya plagi imo, tundu la ethi la C13 limo, katikati hakuna kitu. Amplifaya yenye bodi la chuma ikitumia waya huu, laivu ikigusa bodi hakuna fyuzi itakayokatika, na atakayeshika bodi ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. B umekatwa vipande na hautumiki tena, hata kwa majaribio.

Hadi hapa jibu limeanza kujitokeza: waya mbovu unaweza kuharibu mengi. Linalosubiri kuthibitishwa ni kama waya mzuri sana unaongeza chochote juu ya waya mzuri.

Njia nzima ya stima, si mita moja na nusu

Kutoka kwenye boksi la fyuzi chini hadi soketi ya ukumbini ni mita 18 za waya wa ukutani wa 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 36, na kwa miliomu 7.41 kwa mita hiyo ni omu 0.27. Bado hatujahesabu mita ya stima, waya wa kutoka nguzoni, na transfoma ya mtaa.

Kipimo rahisi cha jumla hiyo hakihitaji chombo cha gharama. Multimita huchomekwa kwenye soketi moja, na birika la stima la wati 2,000 kwenye soketi ya jirani ya laini hiyo hiyo. Kabla ya kuwasha tulisoma volti 236, baada ya kuwasha 231. Birika la aina hiyo huvuta kama ampea 8, kwa hiyo njia yote ina omu 0.6 hivi. Rudia mara kadhaa, kwa sababu volti za mtaa zenyewe hupanda na kushuka, hasa jioni majiko na viyoyozi vinapowashwa.

Sasa weka nyaya za majaribio ndani ya hesabu hiyo. Kwenda na kurudi, A una miliomu 78 na D una 24. Kumtoa A na kumweka D kunapunguza miliomu 54 katika njia yenye karibu miliomu 700. Amplifaya haivuti mkondo laini. Kapasita zake hujazwa kwa mapigo mafupi, mara 100 kwa sekunde kwenye stima ya hezi 50, na pigo moja linaweza kufika ampea 10 hata kama wastani ni 2. Kwa pigo la ampea 10, D unaokoa volti 0.54 kati ya kilele cha volti 339. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni 0.014.

Hata hiyo 0.014 haiko kwenye sauti ya kawaida. Ukuzaji wa amplifaya hupangwa na rezista za mrejesho, si na volti za ukutani. Kinachobadilika volti zikishuka ni kiwango cha juu kabisa kabla sauti haijaanza kupasuka. Stima ikishuka kwa asilimia 10, jambo ambalo mtaani si geni, kilele hicho hushuka kwa desibeli 0.9. Hapo waya wa nyuma ya amplifaya haukuhusika kabisa.

Jaribio la kutoa sauti moja kwenye nyingine

Masikio huchoka na kudanganyika, kwa hiyo tumeanza na kompyuta. Laptopu hucheza wimbo, na kadi ya sauti ya nje hiyo hiyo inayocheza hurekodi kinachotoka kwenye vituo vya spika vya amplifaya. Kadi iwe moja, ili kucheza na kurekodi kufuate saa moja. Ukitumia mbili, rekodi zitaachana taratibu na jaribio litakuwa bure.

Amplifaya hutoa volti nyingi mno kwa kadi. Weka rezista ya kilo-omu 10 kisha ya kilo-omu 1 kwenda ardhi ya sauti, na uchukue sauti katikati yao. Inapungua mara 11, yaani desibeli 20.8. Kwanza hakikisha kwamba amplifaya yako si ya aina ya "bridge", ile inayosukuma spika kutoka pande zote mbili. Kwa hizo, kituo hasi cha spika nacho kina volti, na ukikiunganisha na ardhi ya kadi unaweza kuunguza vyote viwili.

Rekodi mbili zikishapatikana, fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, zisogeze hadi zilingane sampuli kwa sampuli, geuza moja juu chini, kisha zichanganye. Kilichobaki ndicho tofauti ya rekodi hizo.

Watu wengi hukosea hapa: hulinganisha A na D, wanasikia mabaki, wanashangilia. Mabaki hayakosi kuwepo. Mvumo wa hezi 50 na 100 hauanzi mahali pamoja kwenye kila rekodi, kwa hiyo haufutiki, na amplifaya ikipata joto hubadilika kidogo. Ndiyo maana lazima ulinganishe A na A yenyewe kwanza, rekodi mbili za waya ule ule, ukiuchomoa na kuurudisha katikati. Mabaki ya A na A ndiyo sakafu. Kama A na D hayapandi juu ya sakafu hiyo, waya haukufanya kitu. Kwetu hayakupanda. A na C pia hayakupanda.

Kusikiliza bila kuona

Kikundi hakikutaka grafu, kilitaka kusikia. Haki yao.

Pazia limefungwa mbele ya amplifaya. Kila duru msikilizaji hupewa waya wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu ambao ni mmoja kati ya hao wawili, na hutakiwa kusema ni upi. Duru ni 16 kwa kila mtu. Mwenye kubahatisha tu hupata 8 hivi. Kufika 12 au zaidi kwa bahati nasibu hutokea chini ya mara 4 katika 100, na hapo ndipo tulipoweka mstari. Anayebadilisha nyaya hurusha sarafu kujua waya wa tatu, na hazungumzi wala haonekani.

Kiwango cha sauti ndicho hupotosha majaribio mengi ya namna hii. Nyongeza ndogo, nusu desibeli au chini ya hapo, haisikiki kama sauti kubwa zaidi. Husikika kama sauti iliyo wazi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kila duru tulicheza mlio wa hezi 400 na kuhakikisha vituo vya spika vina volti 2.83, bila kutofautiana zaidi ya volti 0.03. Hezi 400 kwa sababu multimita za bei nafuu hazisomi kwa usahihi mlio ukipanda juu sana.

Kuna vidokezo vingine ambavyo lazima vizimwe. D ni mzito, na ukiangushwa kwenye sakafu ya mbao husikika tofauti na A, basi nyaya zote huwekwa juu ya mkeka. Muda wa kuzima na kuwasha uwe sawa kwa nyaya zote. Amplifaya hii hubofya inapounganisha spika, na mtu mwerevu husikiliza ule mbofyo badala ya muziki.

Hakuna aliyefika 12. Jambo moja kuhusu D, hata hivyo, lilionekana kwa macho: uzito wake na ugumu wa koti lake humvuta C13 nje ya tundu. Mara kadhaa kichwa kilikutwa kimetoka nusu. Mgusano wa nusu hupata moto, hutoa cheche ndogo, na cheche hizo huingia kwenye sauti kama mkwaruzo. Anayeutumia waya wa namna hii aufunge kwenye reki kwa kamba ya plastiki ili uzito usining'inie kwenye tundu.

Maneno ya mpigaji udi mwisho wa zoezi yameingizwa shajarani kama yalivyo: "Wekeni waya mutakao, lakini huo mvumo wa kushoto uondoweni kwanza."

Mvumo

Alichosikia kipo, na ndio ugonjwa halisi wa ukumbi huu.

Kwanza tambua ni mlio gani. Programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti inatosha. Mstari mmoja mnene kwenye hezi 50, ukifuatwa na midogo, huelekeza kwenye mzunguko wa ethi (ethi za vyombo viwili zikiungana kwa njia mbili) au waya wa sauti uliolala karibu na transfoma. Mlio mkali wenye kilele kwenye hezi 100, 200, 300, huelekeza kwenye kapasita zilizokauka ndani ya pawa saplai. Amplifaya ya miaka mingi katika joto la pwani hufika huko, na hakuna waya wa nje utakaozifufua. Mlio wa vipande vipande wa "drr-drr" ni wa simu ya mkononi iliyoachwa juu ya miksa, na dawa yake haihitaji fundi.

Wetu ulikuwa wa hezi 50. Msako hufanywa kutoka mwisho kurudi mwanzo, chombo kimoja kimoja, sauti ikiwa imeteremshwa kabla ya kuchomoa chochote:

Tulichomoa nyaya za kuingia kwenye amplifaya. Kimya. Basi amplifaya na stima yake viko salama, na hapo hapo swali la waya wa stima wa amplifaya limeondoka.
Tukarudisha miksa peke yake, bila kitu kilichochomekwa ndani yake. Kimya.
Kinanda: kimya. Maiki: kimya. Waya kutoka amplifaya ya besi: mvumo.

Amplifaya ya besi imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa upande wa pili, ambayo inalishwa na laini nyingine kutoka kwenye boksi. Multimita kati ya pini za ethi za soketi hizo mbili ilisoma volti 0.3. Waya wa sauti wa jeki una kinga ambayo imeunganishwa na bodi la miksa upande mmoja na bodi la amplifaya ya besi upande mwingine. Volti hizo zikipata njia, mkondo hupita ndani ya kinga, na kinga hiyo ndiyo kipimo cha sifuri cha sauti. Milivolti 1 ikichanganyika na sauti ya volti 1 iko desibeli 60 chini, na mtu mwenye sikio ataisikia kila wimbo unapotulia.

Dawa ya kwanza ilikuwa bure: amplifaya ya besi ikahamishiwa kwenye ekstensheni moja na miksa, na ekstensheni hiyo kwenye soketi moja ya ukutani. Mvumo ulishuka ukawa hausikiki kutoka kwenye viti. Jumla ya vyombo vyote haifiki ampea 13 za plagi, kwa hiyo soketi moja inatosha. Jiko na birika havina ruhusa hapo.

Dawa ya pili, kwa mahali ambapo vyombo lazima viwe mbali, kama jukwaa la harusi, ni kisanduku cha DI chenye transfoma ndani. Transfoma hupitisha sauti na kukata njia ya ethi. Kisha waya wa XLR, wenye nyuzi mbili ndani ya kinga, kutoka kisandukuni hadi miksa. Swichi ya kuinua ethi iliyo kwenye DI hukata kinga ya waya wa sauti tu, na haina hatari.

Kuna dawa ya tatu inayojulikana mjini kote, nayo ni ya kuua: kukata waya wa ethi ndani ya plagi. Ekstensheni moja ya kikundi ilikutwa imefanyiwa hivyo. Mvumo unaondoka kweli, kwa sababu mzunguko umekatika, lakini sasa bodi la chombo halina kinga yoyote, na mwimbaji mwenye jasho anakaribisha midomo yake kwenye maiki ya chuma iliyounganishwa na bodi hilo. Ekstensheni hiyo imefungwa upya, na zote zimepimwa mwendelezo wa ethi kutoka pini hadi pini.

Laptopu ina shida yake. Chaja yake hutoa kilio chembamba kinachobadilika unaposogeza kipanya. Ichomoe chaja; kilio kikikoma, sababu ni mzunguko ule ule, na kisanduku cha transfoma cha jeki ndogo kinamaliza kazi. Kwa dharura, acha laptopu itumie betri.

Haki ya D nayo isemwe. Waya wa kinanda, wenye uzi mmoja tu ndani ya kinga, ulipolazwa mita nzima sambamba na A, mvumo ulipanda kidogo. Ulipolazwa sambamba na D, wenye wavu wa kinga, mvumo karibu haukupanda kabisa. Kisha waya wa kinanda ukasogezwa sentimita 30 kutoka kwa A, na mvumo ukatoweka kabisa. Nyaya za stima zipite upande mmoja wa jukwaa, za sauti upande mwingine, na pakikosekana budi zikatane kama msalaba. Hilo halina bei.

Ethi ndani ya matumbawe

Fundi mmoja alishauri tuchimbie fimbo ya peke yake kwa ajili ya miksa, iwe "ethi safi". Tumekataa. Ethi mbili zisizounganishwa ndizo zinazozaa volti kati ya vyombo, yaani mvumo wenyewe, na kukitokea hitilafu mkondo hurudi kwa njia ndefu ya udongo ambayo inaweza kushindwa kukata fyuzi. Fimbo zikiwa nyingi, zote ziungwe pamoja kwenye kituo kimoja cha ethi.

Ethi ya nyumba yenyewe, hata hivyo, ilihitaji kazi. Udongo wa kisiwa ni kina kifupi kisha unagonga mwamba wa matumbawe, na fimbo ya mita 1.2 hugoma nusu ya njia. Kuikata iliyobaki juu na kuacha, kama ilivyokuwa imefanywa, ni kujidanganya. Kazi iliyofanyika: fimbo mbili za chuma kilichopakwa shaba, kila moja katika shimo lililotobolewa kwa drili ya mwamba hadi urefu wake wote, zikaachana zaidi ya urefu wa fimbo moja, shimo likajazwa udongo wa mfinyanzi wa bentonaiti uliokorogwa na maji, si chumvi. Chumvi huteremsha ukinzani kwa muda, kisha hula klampu. Zimeunganishwa kwa waya wa kijani na manjano wa 10, na klampu imo ndani ya kisanduku chenye kifuniko ili ikaguliwe.

Kwa RCD (swichi inayokata stima inapovuja) ya miliampea 30, hesabu ya usalama inaruhusu ukinzani wa ethi hadi omu 1,667, kwa kuwa volti 50 ndio mpaka wa mguso. Lakini mafundi hulenga chini ya 200, kwani ethi yenye ukinzani mkubwa haitulii, hupanda ardhi ikikauka wakati wa kaskazi. RCD imewekwa, haikuwepo. Kitufe chake cha majaribio hubonyezwa kila mwezi. Kwa sauti yenyewe, fimbo hizi hazikubadilisha kitu, na hazikutarajiwa kubadilisha.

Mahali ambapo unene wa waya una maana

Rili ya ekstensheni ya mita 25 inayokwenda nayo harusini ni ya 1.0. Kwenda na kurudi ni mita 50 kwa miliomu 19.5: karibu omu 1 nzima. Mapigo ya ampea 10 hupoteza volti karibu 10 humo, na kwenye uwanja wa mbali ambako stima imeshafika ikiwa dhaifu, besi hupasuka mapema. Rili ya 2.5 hupunguza hasara hiyo hadi volti 4. Huu ndio waya pekee katika mradi ulioidhinishwa kununuliwa kwa ajili ya unene wake. Ifunguliwe yote kabla ya kutumika. Ikibaki imeviringishwa hujipika yenyewe, na kibandiko chake husema ni ampea ngapi inaruhusiwa ikiwa imefungwa.

Kuitengeneza C, kwa watakaorudia

Menya koti la nje sentimita 4 upande wa plagi. Kahawia kwenye laivu, bluu kwenye nyutro, kijani na manjano kwenye ethi, na wa ethi uache mrefu kuliko wenzake ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kibano cha plagi kishike koti la nje, si nyuzi za ndani. Ncha zivikwe vifuko vya shaba na kubanwa kwa koleo lake. Usizipake risasi ya kulehemu: risasi ni laini, hulegea taratibu chini ya skrubu, mgusano unapungua, joto linaanza. Plagi zilizoungua zina alama moja inayofanana, plastiki iliyobadilika rangi upande wa fyuzi.

Fyuzi ifuate waya: ampea 3 kwa waya wa 0.5, 5 kwa 0.75, 10 kwa 1.0, na 13 kwa 1.25 kwenda juu, ila kwa waya wenye kichwa cha C13, kama C, isizidi 10. Iwe na chapa ya BS 1362, kiwango cha Kiingereza cha fyuzi za plagi. Fyuzi za "daraja la sauti" zinazouzwa pembeni tumeziacha dukani.

Hewa ya bahari hufunika pini za brasi kwa utando wa kijani. Zisuguliwe kwa pedi laini ya plastiki na spiriti, si kwa pamba ya chuma, ambayo huacha vipande ndani ya soketi. Soketi isiyoishika plagi kwa nguvu haina matengenezo. Springi yake imeshalainika kwa joto. Tatu za aina hiyo zimebadilishwa ukumbini, na ndizo zilizokuwa zikikwaruza wakati wa mazoezi, ingawa lawama ilikuwa imetupiwa miksa.

Yaliyobaki

D umerudishwa kwa mwenyewe. Visanduku viwili vya DI na nyaya nne za XLR za mita 10 bado havijanunuliwa. Nyaya zote za C13 za kikundi, pamoja na za kuazima, zitapimwa kwa ampea 2 kama hizi, na kila usiokuwa na ethi utakatwa. Ukinzani wa fimbo utapimwa tena katikati ya kaskazi, ardhi ikiwa kavu kabisa. Ukivuka 200, fimbo ya tatu itaungwa kwenye kituo kile kile.